SUKARI NI MGENI: HISTORIA YA UTAMU NA SWALI LILILOTOKA LUMUMA

  

Limetufikia swali kutoka Lumuma, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Muulizaji, ambaye ni imamu, anaeleza kuwa msikitini kwao pameingia mzozo juu ya chai. Baadhi ya waumini, ambao wengi wao wana maradhi ya kisukari au wanayaogopa, wameomba kwamba chai ya maulidi na ya khitma isitiwe sukari, au itiwe asali, au itiwe ile sukari ya majani iitwayo stevia ambayo huuzwa mijini katika vipakiti. Wengine wamekataa. Mmoja amesema kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni ubahili na ni kuvunja ada ya wazee. Mwingine amesema vitu hivyo vya vipakiti vina shubha, na kwamba amesoma nyuma ya pakiti moja ya peremende neno linalofanana na ulevi. Wa tatu amesema asali ni shifaa kwa nassi ya Qur'ani, basi mwenye kisukari ainywe apendavyo na vidonge vya hospitali aviweke kando. Imamu anauliza: lipi katika haya lina asili?

Tumeona swali hili lisijibiwe kwa mistari miwili ya fatwa, kwani nyuma yake ipo historia ndefu. Wanaozozana Lumuma wamekubaliana juu ya jambo moja bila ya kulitamka, nalo ni kwamba sukari ndiyo asili na vinginevyo vyote ni bid'a ya mezani. Sisi tunaona kinyume chake. Sukari ndiyo mgeni katika vyakula vyetu. Alikuja kwa hatua, akapokewa kwanza kama dawa, kisha kama pambo la wafalme, na mwishowe akawa mwenye nyumba. Anayetafuta badala yake hajaleta jambo geni. Lakini anayeivisha badala hiyo kanzu ya dini naye amekosea, na pengine kosa lake ni zito zaidi.

UTAMU WA ZAMA ZA MTUME (S.A.W.)

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda halwa na asali. Msomaji wa Kiswahili akiisoma Hadithi hii humjia akilini halua yetu ya Unguja na Maskati, ile inayosongwa katika sufuria kubwa kwa sukari, wanga, samli na zafarani. Hapa ndipo lugha inapompoteza mtu. Ibn Hajar (aliyefariki mwaka 852 H / 1449) katika Fat-hul Baari amenukuu kutoka kwa mwanalugha Thaalibi (aliyefariki 429 H / 1038) kwamba halwa aliyoipenda Mtume (s.a.w.) ni maji', nayo ni tende zilizokandwa kwa maziwa. Hamna sukari ndani yake hata punje.

Vitu vitamu vya Madina vilikuwa tende, zabibu na asali. Mtume (s.a.w.) alifuturu kwa tende mbichi, akizikosa kwa tende kavu, na akizikosa hizo kwa maji, kama alivyopokea Anas (r.a.). Alirowekewa tende au zabibu katika maji usiku akanywa asubuhi, na huu ndio mnabidhi wa halali ambao tutaurejea mbele. Alikunywa pia asali iliyochanganywa na maji baridi.

Je, sukari iko wapi? Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H / 1350), alipofika kwenye muwa katika Zaadul Maad, ameandika jambo ambalo laiti wauza dawa za asili wa leo wangelisoma. Amesema kuwa sukari ni kitu kilichozuka baadaye, matabibu wa kale hawakuizungumza wala hawakuitia katika vinywaji vyao, na walichokijua ni asali. Akaongeza kuwa halijui neno sukari katika Hadithi isipokuwa mahali pamoja, nalo ni katika baadhi ya mapokezi ya sifa za maji ya Hodhi. Huyu ni mwanachuoni wa Damascus, mji ambao katika zama zake ulikuwa umeshaijua sukari sana, naye bado anaiita mgeni.

Mafakihi pia waliipokea kama mgeni. Katika Hadithi ya vitu sita vya riba mna dhahabu, fedha, ngano, shairi, tende na chumvi. Sukari haimo, ikabidi itafutiwe nafasi kwa kiasi. Kwa madh-hab ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu, sukari imeingia kwa sababu ya kuwa ni chakula. Kisha ukaja mjadala wa moto. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277) katika Minhaj ametofautisha kati ya moto wa kupika na moto wa kutenganisha tu, kama ule unaotumika kwa asali na samli. Washereheshaji wakaiuliza sukari iko upande gani, na kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kwamba haiuzwi sukari kwa sukari, kwa kuwa moto umeigandisha na usawa wake haujulikani. (Wanafunzi wasichanganye hapa: jirani kumwazima jirani kikombe cha sukari ni karadha, si biashara.) Kwa kiasi hichohicho, stevia na wenziwe nao ni chakula, na hukumu za vyakula zinawahusu.

SAFARI YA SUKARI

Muwa asili yake ni huko New Guinea, na Wahindi ndio waliogundua namna ya kuyagandisha maji yake. Neno lenyewe linasimulia safari: sharkara la Kisanskriti likawa shakar kwa Wafursi, sukkar kwa Waarabu, na sukari kwetu. Waislamu walipoifungua Fursi katika karne ya kwanza Hijria waliukuta muwa na ufundi wake, wakauchukua Iraq, Sham, Misri, Maghrib, Andalus na Sisili. Popote penye joto na maji ya kumwagilia walipanda.

Misri ndiyo iliyokuwa kiwanda cha dunia. Msafiri Nasir Khusraw, aliyekuwa Cairo baina ya mwaka 439 na 441 H (1047 hadi 1050), amesimulia kuwa aliambiwa meza ya Sultani wa Kifatimi siku ya Idi ilitengewa mani 50,000 za sukari, yaani tani kwa tani, ikafinyangwa miti na sanamu. Huo ni mfano wazi wa israfu ambayo Qur'ani imeikataza katika Suratul A'raf aya ya 31. Watu wa kawaida siku hizo waliionja sukari kwa muuza dawa. Neno sharab la matabibu wa Kiarabu, yaani dawa ya maji iliyotiwa sukari, ndilo lililozaa sharbati yetu na hata majina ya dawa za kikohozi katika lugha za Ulaya.

Wapiganaji wa Msalaba waliikuta sukari Sham wakaenda nayo kwao. Kilichofuata kinajulikana. Wareno walipanda miwa Madeira katika karne ya 15, kisha Brazil, na Waingereza na Wafaransa wakafuata katika visiwa vya Karibi. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 12 walipakiwa merikebuni kutoka Afrika kuvushwa bahari ya Atlantiki, na sehemu kubwa yao walipelekwa kwenye nchi za miwa. Sukari ikashuka bei na ikaingia katika kikombe cha kila mtu.

Na pwani yetu haikuwa mbali na jambo hilo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Morisi na Reunion, visiwa ambavyo baadaye viligeuka mashamba ya miwa. Katika karne ya 19, bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili, na walioyalima na kuzungusha vinu walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, tunayemkumbuka kwa kupambana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889 hadi wakamnyonga Pangani, alikuwa miongoni mwa wenye mashamba hayo. Tunayasema haya kwa sababu wapo wanaosimulia utumwa wa sukari kana kwamba ulikuwa wa Wazungu peke yao. Historia ya kweli haichagui wa kumsitiri.

KABLA YA MGENI KUFIKA

Kabla ya hapo watu wa nchi hizi walikula nini kilicho kitamu? Al-Mas'udi, aliyefika Qanbalu mara ya mwisho mwaka 304 H (916), ameandika kuwa chakula cha Wazanji ni mtama na viazi vya ardhini, na kwamba wanakula pia asali na nyama. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 731 H (1331) alikaribishwa Mogadishu kwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, achari za ndimu na tangawizi. Utamu wa karamu hiyo ulikuwa wa maziwa na matunda.

Lugha nayo inashuhudia. Neno muwa ni la Kibantu, na nyuki vilevile. Sukari ni la Kiarabu, na sukari guru imechukua jina lake la pili kutoka Bara Hindi. Maana yake ni kwamba wazee wetu waliutafuna muwa na kurina mizinga kabla ya kuijua punje nyeupe.

Lumuma yenyewe imo katika vitabu vya wasafiri. Ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani ikipanda milima ya Usagara kuelekea Ugogo na Unyanyembe. Mwaka 1857 msafara wa Waingereza Burton na Speke, ambao kiongozi wake wa njia alikuwa Said bin Salim wa Unguja, ulipumzika siku mbili kando ya mto ambao Burton aliuandika Rumuma. Amesema palikuwa mahali pendwa pa misafara kwa wingi wa vyakula, na kwamba wenyeji waliteremka kutoka milimani wakileta kuku, mbuzi, kondoo, ng'ombe, kunde, njugu mawe na karanga. Basi anayesema chai ya sukari ni ada ya wazee wa Lumuma atuonyeshe ni wazee wa karne gani.

Ukweli ni kwamba ada hiyo ni ya karne moja hivi. Chai ilienea kwetu katika zama za ukoloni, na sukari ikaja imempanda chai mgongoni. Kisha nchi ikaanza kujitengenezea. Kiwanda cha Msolwa cha Kampuni ya Sukari ya Kilombero kilianza kazi mwaka 1962, na mwaka 1976 kikafuata cha Ruhembe, ambacho kipo ng'ambo ya mto Ruaha, upande wa wilaya ya Kilosa. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilibinafsishwa kwa Illovo ya Afrika Kusini, na Serikali ikabaki na asilimia 25 ya hisa. Mwaka 2024 kikafunguliwa kiwanda cha Mkulazi huko Mbigiri, nacho kimo katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa. Kwa hiyo Lumuma, penye skimu za umwagiliaji na mashamba ya vitunguu, iko wilaya moja na viwanda viwili vya sukari. Wapo waumini wenzetu wanaosomesha watoto kwa malipo ya miwa waliyoipeleka kiwandani, na riziki yao ni halali safi. Anayetaka kupunguza sukari katika kikombe chake asiipunguze heshima ya mkulima wa miwa.

Wenye umri wetu wanakumbuka pia miaka ya mwanzo ya themanini, sukari ilipokuwa adimu hadi ikawa inagawiwa kwa foleni, na mwaka 1983 wenye kuificha wakakamatwa kwa jina la wahujumu uchumi. Chai ilinywewa kwa tende, kwa kipande cha sukari guru, kwa kashata, au kwa muwa uliotafunwa pembeni. Maulidi yalisomwa na khitma zilifanyika, na hatukumsikia shekhe yeyote akisema thawabu imepungua. Mapema mwaka 2024, mvua kubwa zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika tena na katika baadhi ya maeneo bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Tofauti tuliyoiona ni kwamba safari hii watu walilalamika kana kwamba wamekosa maji ya udhu.

BADALA ZA SUKARI NA HUKUMU ZAKE

Tuje sasa kwenye vipakiti. Hamu ya watu kutafuta badala ya sukari ina sababu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 wana kisukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari inayoongezwa katika chakula na kinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba kuishusha hadi gramu 25, yaani vijiko sita vya chai, kuna faida zaidi. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 hubeba zaidi ya gramu 30. Tuihesabu basi futari yetu: uji, tambi za sukari, kaimati zilizozama katika shira, na chai juu yake.

Wa kwanza katika badala hizi ni sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 katika maabara ya Remsen huko Baltimore, pale Fahlberg alipoenda kula bila ya kunawa mikono vizuri akauhisi mkate kuwa mtamu. Ilienea Ulaya wakati wa vita vikuu kwa sababu ya uhaba wa sukari. Aspatemu ilifuata mwaka 1965. Stevia ni tofauti na hizo, kwani ni majani ya mmea wa Paraguay ambao wenyeji wake, Waguarani, waliutumia tangu zamani. Wajapani waliufanyia biashara kuanzia miaka ya 1970, na siku hizi umelimwa hata kwa jirani zetu Kenya, katika nyanda za Kericho. Dondoo lake ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, na wataalamu wa kimataifa wa viungo vya vyakula waliliwekea kiwango cha matumizi salama mwaka 2008.

Kanuni ya mafakihi ni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha, na kwamba kisicholevya, kisichodhuru na kisicho najisi hakina kizuizi. Kwa kanuni hii stevia ni halali bila ya shaka, ikiwa pakiti haina kitu kingine. Aspatemu imezungumzwa sana tangu mwezi Julai 2023, pale shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilipoiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Lakini kamati ya viungo vya vyakula ilikaa wakati uleule na ikabakisha kiwango kilekile, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Hii ni dhana, na dhana ya namna hii haiharamishi, ingawa anayejiepusha nayo kwa uchaji halaumiwi.

Ama lile neno linalofanana na ulevi, wanakemia huviita sorbitoli, zailitoli na wenziwe "alkoholi za sukari" kwa sababu ya umbo la chembe zake. Jina halifanyi kitu kuwa haramu. Hukumu huizunguka sababu yake, na sababu ya kuharamishwa khamri ni kulevya. Vitu hivi havilevyi, kidogo chake wala kingi chake. Mwenye kuvila kwa wingi ataharisha, na hiyo ni bahati mbaya ya tumbo, si ya dini.

Hata hivyo, wauzaji wasitufikishe mbali. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee vitamuzi hivi ili wapunguze uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwalenga wale ambao tayari wana kisukari. Aliyezoea vijiko vinne akahamia vipakiti vinne, ulimi wake bado haujafundishwa kitu.

ASALI NA AYA YA SHIFAA

Hili la tatu ndilo lililotutisha katika barua ya imamu, kwa kuwa linagusa uhai wa watu. Ni kweli Allah (s.w.) ametaja katika Suratun Nahl, aya ya 68 na 69, kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki na kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Lakini neno shifaa katika aya limekuja nakira, bila ya alif na lam, katika maneno ya kuthibitisha. Al-Qurtubi ameeleza katika tafsiri yake kwamba nakira katika hali hiyo haileti maana ya jumla. Aya inasema ndani yake mna ponyo. Haikusema kuwa ni ponyo la kila ugonjwa kwa kila mtu. Na yule sahaba aliyeamrishwa amnyweshe asali nduguye, Ibn al-Qayyim ameeleza kwamba maradhi yake yalikuwa ya tumbo lililovimbiwa, na kwamba kurudiwa kwa amri kunaonyesha kuwa dawa ina kipimo.

Kiasi cha asilimia 80 ya asali ni sukari, nazo ni fruktosi na glukosi. Mwenye kisukari akiinywa, damu yake hupanda. Tende pia ni hivyo, na sukari guru ni sukari ileile iliyobaki na rangi yake. Imamu anatueleza kuwa mzee mmoja katika jamaa zake aliacha vidonge kwa miezi kadhaa akitegemea asali, hadi kidonda cha mguu kikawa hakifungi. Aliyempa mzee huyo ushauri huo hakuifuata aya. Ameibebesha aya ujinga wake. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, na mwenye kutibu bila ya kuujua utabibu hubeba dhamana ya alichokiharibu.

Uchafu mwingine umeingia kupitia mlango huohuo. Tangu asali ipande thamani, wapo wanaochemsha sukari guru na maji, wakatia kipande kidogo cha sega juu, wakaijaza katika chupa na kuiuza nje ya msikiti baada ya Ijumaa kwa jina la "asali ya Sunna". Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta majimaji ndani, akamtoa mwenye kudanganya katika mwenendo wake. Kuuza sukari kwa jina la asali ni khiana ileile, na kwa mgonjwa inaweza kuwa ni kumuua. Imamu anao wajibu wa kuuliza ni nini kinauzwa mlangoni kwake. Wafugaji wa nyuki waaminifu wapo, katika misitu ya Rubeho na kwingineko, na kwa kuwa baadhi yao wametuuliza juu ya Zaka: kwa Imamu Shafii katika kauli yake mpya asali haina Zaka ya mazao, kwa Hanafi na Hanbali ina fungu la kumi, na ikiwekwa kuwa mali ya biashara basi ina Zaka ya biashara kwa wote hao.

TOGWA

Kimebaki kinywaji kimoja ambacho muulizaji hakukitaja, pengine kwa sababu kiko karibu mno na macho yake. Akina mama wa Morogoro hupika uji wa mahindi au mtama, wakauacha upoe kidogo, kisha wakatia kimea, yaani ulezi au mtama uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kimea hicho huugeuza wanga wa uji kuwa utamu bila ya kutiwa sukari hata kijiko. Hiyo ni togwa. Ukiilinganisha na tende zilizorowekwa Madina utaona ni ndugu: nafaka au tunda, maji, na muda. Mwenye kisukari naye aipime kama anavyopima chakula chake chochote cha wanga.

Na muda ndio unaobeba hukumu. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alirowekewa zabibu akanywa siku hiyo, ya pili, na hadi jioni ya siku ya tatu, kisha kilichobaki kikanyweshwa mtu mwingine au kikamwagwa. Togwa ya leo na ya kesho, ikiwa bado tamu na haijachemka mapovu, hainaniwi uhalali wake, na hapana ubaya kuiteremsha katika sinia ya maulidi pamoja na birika la chai isiyotiwa sukari, na bakuli la sukari likawekwa kando kwa anayeitaka. Ikianza kuwa kali, ikatoa mapovu na kupanda kichwani, imekuwa pombe, na kidogo chake ni sawa na kingi chake. Katika nchi ya joto kama bonde la Kilosa mpaka huo huweza kufika kabla ya siku tatu, kwa hiyo asihesabu mtu siku kwa vidole akaacha kuionja. Wanaoijua zaidi saa yake ni akina mama waliyoipika, na imamu akiwauliza watamwambia.